Kikombe cha Kurudi

Mtaani kiliitwa kiwanda cha ndizi, na mgeni aliyeingia akauliza ndizi zinauzwa wapi alichekwa mpaka akasahau kilichompeleka. Zamani palikuwa kiwanda cha barafu. Barafu ilipokosa wanunuzi, akaja mzee mmoja mwenye ndevu chache na maneno mengi, akakodi jengo pamoja na hodhi lake kubwa la maji, akaanza kuunda vyombo vya kwenda chini ya bahari. Vyombo vyenyewe ni virefu kupita kitanda, vimechongoka mbele na nyuma, na vimepakwa rangi ya njano ili vionekane vikiibuka. Havina dereva wala kamba. Unakipangia njia kwenye kompyuta, unakitumbukiza, nacho kinakwenda peke yake kuchunguza sakafu ya bahari, kinapiga picha, kinapima kina, kisha kinapanda juu na habari zake. Watu wa mtaa waliviona vikipakiwa kwenye lori, wakavipa jina walilovipa.

Mama Mizani alikuwa fundi wa uzani humo ndani tangu chombo cha kwanza. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara, na hata mhasibu alilisoma kwa kusitasita. Kazi yake ilionekana rahisi kwa asiyeifanya. Chombo kikiwa nchi kavu ni kizito kama fahali, lakini ndani ya maji kinatakiwa kisizame wala kisielee, kikae palepale ulipokiacha. Ili kifike hapo, alikuwa na vipande vya metali ya risasi vya kukitia uzito na vipande vya povu gumu vya kukinyanyua. Alikishusha hodhini kwa winchi, akavua viatu, akashuka ngazi ya chuma mpaka maji yakamfika magotini, akakigusa kichwani, akakigusa mkiani, akasogeza risasi mbele upana wa kidole, akairudisha nyuma nusu yake. Akitoka hapo vidole vya miguu vimemkunjamana, na yeye anacheka.

Kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Chombo hakitakiwi kulingana na maji sawasawa kabisa. Kinatakiwa kiwe chepesi kidogo tu, kiasi cha uzito wa kikombe cha chai, ili siku betri ikifa, au akili yake ikichanganyikiwa huko gizani, kiibuke chenyewe polepole bila kusukumwa na mtu. Wenyewe walikiita kikombe cha kurudi. Bosi, yule mzee wa maneno mengi, aliwaambia wateja wote kwa sauti ya mhubiri: "Chombo kisichotamani kurudi, mimi sikiuzi."

Na kikombe hicho hakipimwi na mtu mmoja. Mmoja yuko majini, anakiwekea chombo mgongoni jiwe la mizani lenye uzito wa kikombe, anaachia. Kikianza kuzama taratibu, ni sawa. Kikikataa kuzama, kimezidi wepesi. Lakini aliyeachia hatamki, kwa sababu mkono unaoachia husukuma bila mwenyewe kujua. Anayetamka ni wa pili, aliyesimama ukingoni, macho kwenye mstari uliochorwa ukutani mwa hodhi. "Bado," husema, au "Sawa." Kwa miaka mingi aliyesimama ukingoni alikuwa mume wa Mama Mizani.

Huyo walimwita Nahodha, ingawa hakuwahi kuongoza hata baiskeli bila kuangukia mtaroni. Alikuwa na sauti nene na kicheko cha karibu. Hapo ukingoni ndipo walipozoeana, yeye akisema "bado, bado," hata pale ilipokuwa sawa, ili tu yule binti wa majini aendelee kukaa pale. Wakaoana, wakazaa binti mmoja. Kiwanda kilipouza chombo chake cha kwanza nchi za mbali, akatakiwa mtu wa kukisindikiza, akawafundishe mabaharia kukishusha na kukinyanyua. Nahodha akajitolea. "Miezi miwili tu, mama watoto," alisema, maana kwa majina ya heshima alikuwa mkarimu, mtoto mmoja akamhesabu wengi.

Miezi miwili ikazaa mingine. Mteja alimpenda, meli nyingine ikamwajiri, ya tatu ikamgombania. Tuseme haki: hakupotea. Fedha alituma, simu alipiga kila Jumapili alasiri. Wambea walimtafutia mke wa pili wakamkosa, wakachoka wenyewe. Alirudi mara moja tu, binti alipoolewa, na begi lake lilikaa mlangoni muda wote aliokuwepo, zipu imefungwa. Tangu hapo kila meli ikimaliza kazi yake alikuwa njiani kuja, na kila mara kazi iliongezwa. Wakubwa wa familia walimtuliza Mama Mizani kwa methali, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yeye aliitikia, akawapa chai. Wakiondoka alijiuliza kama ngama nayo, hilo tumbo la jahazi linalorudiwa, ina moyo, na kama huchoka.

Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na sebule nyuma ya geti la bati. Geti hilo lilikuwa na bawaba zilizokauka, likifunguliwa linalia mpaka meno yanakufa ganzi. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwema mwenye mdomo, alikuja na kopo la mafuta zaidi ya mara moja.

"Jirani, leo nikupakie hizo bawaba. Wajukuu wangu wanashtuka usingizini."

"Acha tu, nitapaka mwenyewe."

"Utapaka lini? Geti lako linalia kuliko mfiwa."

Hakupaka. Geti likilia, hata akiwa jikoni na sufuria inachemka, alijua mtu ameingia, na kabla hajafika dirishani kuchungulia, mtu huyo aliweza kuwa yeyote. Kitambo hicho kifupi alikipenda kuliko alivyoweza kumweleza jirani. Halafu anachungulia, ni msoma mita za maji.

Na kwa ajili ya geti hilo hakulala nje. Hapo ndipo penye kiini cha maisha yake, na mtu asiyelielewa hili hatamwelewa. Nahodha akija akute kufuli, ageuze? Alikuwa hatembei na ufunguo, na ni mtu wa kukata tamaa upesi. Kwa hiyo Mama Mizani alikataa safari zote. Bosi alimwomba mara nyingi asindikize chombo, maana kila bahari ina chumvi yake, na chombo kilichopimwa hodhini kinahitaji fundi wa kukirekebisha huko melini. Alikataa, huku akitamani. Alikuwa amewapa vyombo vile uzani wao wote, na hakuwahi hata siku moja kukaa mbele ya kioo cha kompyuta melini akaona vilichokwenda kuona. Hata binti yake alipojifungua mji wa pili, alikwenda na basi la alfajiri, akambeba mjukuu, akamnusa kichwa, akarudi na basi la jioni.

Binti huyo alikuwa muuguzi, na wauguzi hawana subira na vidonda vinavyofichwa. "Mama," alimwambia siku hiyo mlangoni, "wewe si mjane wala si mke. Umekuwa kama hivyo vyombo vyenu, huzami wala huelei."

Mama Mizani alicheka kweli. Ndani ya basi ndipo lilipomwuma.

Sasa tuje kwenye kosa lake, maana lilikuwepo. Nahodha alipoondoka, nafasi yake ya ukingoni haikujazwa. Kila mtu alikuwa na kazi yake, na Mama Mizani alikuwa Mama Mizani, nani angesimama kumkagua? Akawa anaachia mwenyewe na kutamka mwenyewe. Kisha siku moja, muda mfupi baada ya Nahodha kupiga simu kwamba safari hii pia hawezi kuja, alikuwa majini na chombo kilichokuwa sawa kabisa. Aliweka jiwe, kikaanza kuzama taratibu kama kanuni inavyotaka. Lakini alipokiona kinashuka, moyo ulimkataa. Akakinyanyua, akakata kipande chembamba cha povu, unene wa biskuti, akakipachika ndani, nusu mbele, nusu nyuma. Akajiambia mkono wake ndio unaojua. Chombo kilichofuata nacho akakiongeza. Kila Nahodha alipoahirisha, biskuti ilinenepa. Hakumdanganya mtu kwa mdomo, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Kitinda mimba wa kiwanda, chombo kizuri kuliko vyote walivyokuwa wameunda, kilipokamilika, akaja mteja wa kukijaribu. Alikuwa mwanamke mrefu, mtafiti wa sakafu ya bahari, mwenye maneno ya kuhesabika na viatu visivyofaa matope. Meli alikuwa ameshaikodi. Akinunua, kiwanda kinapumua. Asiponunua, bosi alikuwa ameshaanza kulitazama jengo kwa macho ya kuaga. Wakapeleka chombo kwenye bwawa kubwa la maji ya kunywa nje ya mji. Chini ya bwawa hilo ilikuwepo barabara ya zamani, iliyofunikwa maji yalipojazwa. Kazi ilikuwa kukiacha kitembee huko chini, kwenda na kurudi kama jembe kwenye matuta, kilete picha ya barabara yote.

Kiliibuka mapema, kimekufa betri, barabara haijafika nusu. Bosi akatukana watu wa betri. Alikuwa na desturi hiyo. Kwa miaka kadhaa vyombo vyote vilikula betri kuliko hesabu, na alikuwa ameshagombana na wauza betri wawili na kuhamia kwa wa tatu. Mteja hakujali betri peke yake. Alipitisha picha chache kwa kidole, akasimama.

"Kamera yenu inatakiwa itazame chini," alisema. "Hizi zinatazama nyuma."

Aliwapa nafasi moja tu ya mwisho, wiki iliyofuata, akaondoka na viatu vyake vimejaa tope.

Kiwanda kilikuwa na injinia mpya, msichana mpole aliyezoea kulala kifudifudi sakafuni anapofikiri. Kesho yake alikiachia chombo kitembee chini ya maji kutoka ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule, yeye amelala ukingoni, kidevu juu ya mikono. Akakiachia tena. Kikisimama, kinalala sawa kama rula. Kikitembea, kinainamisha kichwa na kuinua mkia, kama mtu aliyeangusha sarafu akawa anaitafuta njia nzima. Akaelewa. Chombo kimezidi wepesi. Maji yanakisukuma juu bila kuchoka, nacho ili kibaki chini lazima kijikandamize, pua chini, mwendo wote, kama mtu anayebana mlango unaosukumwa na upepo. Betri inaishia hapo, na kamera ya tumboni, badala ya kutazama chini, inatazama kule kilikotoka.

Akakitoa majini, akafungua maganda yake ya nje. Akavikuta vipande vya povu ambavyo havikuwemo kwenye mchoro.

Mama Mizani alikuwa amesimama nyuma yake, taulo mkononi. Angeweza kunyamaza. Kiwanda kilijaa mikono, na lawama zingekosa pa kutua.

"Ni vyangu," alisema.

Injinia aliinua macho. "Umeviweka kwa hesabu gani, mama?"

"Si kwa hesabu, mwanangu. Nilitaka virudi."

"Kikombe si kilikuwemo tayari?"

"Kilikuwemo." Akakaa kwenye ngazi ya chuma, na maneno yakamtoka kama yalivyokuwa. "Nikikiona kinazama, naona kama namsindikiza mtu tena. Mkono unakataa. Nikajua nakosea, na bado nikakata. Vyote hivyo, tangu Nahodha alipoanza kuahirisha."

Injinia alikaa sakafuni, karibu na miguu yake. Bosi, aliyekuwa ameingia na kuyasikia yote, ndiye aliyejibu. Alisimama, akakaa juu ya kreti, akasimama tena. "Nimewatukana watu wa betri," alisema. "Nimewaandikia barua. Nimemwambia mmoja wao kwamba mama yake angemwonea aibu." Akaanza kucheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikamwisha. "Mama Mizani, nchi nzima na nje yake wananisifu kwamba chombo changu hakijawahi kupotea. Kumbe hakipotei kwa sababu hakikai."

"Nitawaambia wateja mwenyewe, mmoja mmoja."

"Utawaambia. Lakini tuanze na huyu wa viatu." Akapunguza sauti. "Ungeniambia tu kwamba umechoka kupima peke yako."

Jumapili ilifika, na simu ya alasiri. Mama Mizani alikuwa amekaa sebuleni, viatu vya mumewe chini ya meza, vimefutwa vumbi kama kawaida. Nyuma ya sauti ya Nahodha injini ya meli ilinguruma.

"Mama watoto, hujambo? Wameongeza kazi kidogo. Miezi mitatu tu, halafu nakuja, safari hii kweli."

Siku zote hapo angesema, "Haya, baba, Mungu akulinde." Safari hii aliuliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza, kwa kuliogopa.

"Baba watoto, unataka kurudi?"

Injini iliendelea kunguruma.

"Mbona unaniuliza hivyo?"

"Nataka kujua. Sitagombana."

"Nikiwa huku naikumbuka nyumba," Nahodha alisema, na sauti ilikuwa imepungua unene. "Naikumbuka sana. Nakukumbuka wewe na miguu yako ya baridi. Lakini nikifikiria kufika, nakosa pa kukaa. Sijui nitakuwa nani humo ndani. Basi wakisema kazi imeongezwa, nashukuru. Nakuonea haya kukwambia."

"Umeniambia vizuri," alisema, na alikuwa anasema kweli, ingawa machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Walizungumza habari za mjukuu, meno mawili ya chini, halafu wakaagana. Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Aliumia, na pamoja na kuumia alihisi kitu kinamtoka mabegani, na hakukipenda kitu hicho wala hakukizuia.

Jumatatu alitoa povu lote la ziada. Lilijaza ndoo, na ndoo ilikuwa nyepesi mpaka inachekesha. Akashuka ngazi, maji yakamfika magotini. Injinia akasimama ukingoni, mahali palepale, macho kwenye mstari. Mama Mizani akaweka jiwe, akaachia.

"Bado," Injinia akasema.

Akasogeza risasi. Akaachia.

"Bado, mama."

Ilikuwa sauti nyembamba, ya kitoto, haikufanana hata kidogo na ile aliyoizoea, na mara moja alilazimika kujifanya anaosha uso. Akaachia tena. Chombo kikaanza kuzama, taratibu, na mkono wake akauweka nyuma ya mgongo ili usifanye ujinga.

"Sawa."

Siku ya bwawa mteja alikuja na mabuti. Akawa na sharti jipya, alilolitoa pale pale ukingoni kama mtu anayeomba chumvi. Kikimaliza barabara, alisema, kisipande. Kizimwe kikiwa chini kabisa, kila kitu, kama kimekufa. "Wote wananiambia chombo chao kitaibuka chenyewe," alisema. "Nataka kuona."

Injinia akaandika amri hiyo kwenye kompyuta. Bosi akamtazama Mama Mizani, naye akajua anachoulizwa. Kikombe kimoja kinatosha? Kwa miaka hakuna chombo kilichotoka mikononi mwake na kikombe kimoja tu.

"Kitapanda," alisema.

Wakakitumbukiza. Kikatelemka na njano yake ikageuka kijani, halafu ikawa maji matupu. Safari hii hakikuibuka mapema. Kilikaa chini mpaka muda wake ukaisha, na muda ulipoisha kikazimika huko, na wote wakasimama wakitazama maji. Bosi alitafuna kifuniko cha kalamu. Mteja alikunja mikono. Upepo ukapita, na kila wimbi dogo lilikuwa na rangi ya njano mpaka ulitazame vizuri. Mama Mizani aliuona mwili wake wote unaomba kile kipande cha biskuti, hata kimoja, hata nusu. Kikibaki huko, kiwanda kimekwisha, na aliyekimaliza ni yeye. Na kulikuwa na kitu kingine zaidi ya kiwanda, na alikijua ni nini.

Bosi alikuwa ameanza kusema neno fulani kuhusu wazamiaji. Ndipo pua ya njano ikatokea, mbali kidogo na walipotazamia, polepole, bila haraka yoyote, kisha mgongo, kisha mkia. Chombo kikakaa juu ya maji kikisubiri kuchukuliwa.

Kilitosha kikombe kimoja. Mama Mizani alifurahi mpaka akamshika Injinia mkono, na katikati ya furaha akaona jambo lililomchoma. Anayerudi hurudi kwa kikombe kimoja. Nahodha alikuwa amepewa ndoo nzima, na hakurudi.

Picha walizitazama ndani ya lori, vichwa vinne mbele ya kioo kimoja. Safari hii kamera ilikuwa imetazama chini. Barabara ilipita yote, tuta kwa tuta, lami chini ya matope laini, vijiwe vya pembeni, daraja dogo la kalvati. Mama Mizani hakupepesa. Alikuwa amengoja kuona kitu cha chini ya maji tangu miguu yake ilipolowa mara ya kwanza. Kisha kikaja kituo cha basi, paa limeanguka, na chini ya paa kiti kirefu cha zege, kitupu, kimegeukia barabarani.

"Loo, masikini," Injinia akasema. "Bado kinangoja basi."

"Hakikuambiwa," Mama Mizani akasema.

Alikitazama mpaka picha ikapita, akaomba irudishwe, wakamrudishia. Hakulia. Alitaka tu kukiona vizuri.

Mteja alinunua. Alisema hivyo kwa maneno mawili, huku akikwangua tope kwenye buti, halafu akaongeza la tatu: kwamba huko anakokwenda chumvi inabadilika kila baada ya mwendo mfupi, na angependa yule aliyepima kikombe aje naye melini. Bosi, kwa mazoea, alishaanza kumjibia. "Mama huyu hasafiri, ana nyumba ya—"

"Nitakwenda," Mama Mizani alisema.

Bosi alifunga mdomo, jambo ambalo wafanyakazi walilizungumzia kwa muda.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili. Sanduku lilikuwa sebuleni karibu na mlango, zipu imefungwa, na alipoliona hapo mlangoni lilimkumbusha lingine, akalisogeza kidogo. Alifuta viatu vya mumewe vumbi, akavirudisha chini ya meza. Alifunga madirisha. Ufunguo alimpelekea jirani, aliyeupokea kwa mikono miwili, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango kusubiri gari la kiwanda, na simu ikalia kwa saa yake.

"Mama watoto," Nahodha alisema, "mbona nasikia kama uko nje?"

"Niko nje. Nasafiri. Nakwenda na Kitinda mimba, chombo chetu kipya, melini."

"Wewe? Melini?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikumfuata. "Na nyumba?"

"Nimeifunga. Ufunguo uko kwa jirani, ukija utapewa."

"Utarudi lini?"

Lilikuwa swali la Mama Mizani mwenyewe. Alikuwa ameliuliza Jumapili nyingi kupita hesabu, na hakuwahi kulisikia likija kwa upande huu. Alitafuta jibu, akakuta halina tarehe, na akajua kwamba mtu anaweza kusema hivi bila kudanganya.

"Sijui, baba watoto. Kazi ikiisha."

Gari la kiwanda lilikuwa limeshakata kona, linakuja.

"Sasa nikija," Nahodha alisema polepole, "nitafanya nini humo ndani peke yangu?"

Mama Mizani alisimama, akashika sanduku, akafungua geti, nalo likalia kama lilivyolia siku zote, kwa nguvu, mpaka yule wa baharini naye akalisikia.

"Utasikiliza hilo," alimwambia. "Sijalipaka mafuta."